Wawili kwenye Tangazo, Wengi Ukutani

Mpe mtu wa Kigoma mkeka aukague, hatakuuliza una maana gani. Atainama, ataugeuza, atapitisha kidole kwenye mshono, kisha atakwambia kama aliyeushona alikuwa na haraka. Mkeka anaujua: bibi yake alisuka, mama yake anaanikia mihogo, yeye mwenyewe aliulalia akiugua surua. Mpeleke sasa huyohuyo mbele ya picha ya kuchora. Anarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, mpole ghafla kama aliyeitwa ofisi ya kata.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye maonyesho ya wasanii wawili yaliyofanyika hapa mjini, katika ukumbi mmoja wa Mwanga ambao siku nyingine hukodishwa kwa sendofu na vikao vya harusi. Vitambaa vya dhahabu vya shughuli iliyotangulia vilikuwa bado vinaning'inia kona moja, na hakuna aliyethubutu kuvigusa kwa sababu mpambaji hajaja kuvichukua. Upande wa kushoto zilitundikwa kazi za dada mfumaji: ukindu, katani, nyavu, vipande vya vitenge. Upande wa kulia kazi za kijana mchoraji, na zote ni watu: wauza dagaa, wabeba mizigo wa stesheni, mpiga pasi ya mkaa, mtoto anayesukwa nywele huku amefumba macho kwa maumivu. Sitawataja kwa majina. Walikubali niandike bei zao na ubishi wao kwa sharti hilo, na najua ni kichekesho, maana ubishi wenyewe ulihusu majina.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya dada. Inaanzia kwenye boriti inashuka mpaka sakafuni. Uti wake ni wavu wa dagaa uliochakaa, mweusi, wenye matundu ambayo kidole cha mtoto hakipiti. Juu ya wavu ameshikiza ukili, yaani kanda ndefu za ukindu uliosukwa, mpana na mwembamba, sehemu kubwa ikiwa na rangi ileile ya ukindu ulioanikwa ukapauka, na sehemu chache zambarau na kijani za zile rangi za unga zinazochemshwa kwenye sufuria. Juu kabisa ukili umeshonwa ukingo kwa ukingo, vizuri, hata ungeweza kuutandika ukaswalia. Kadiri unavyoshusha macho mshono unalegea. Ukifika usawa wa magoti ukili umeachana, na chini kabisa ni chane tupu zilizotawanyika sakafuni. Nilichuchumaa kuzitazama. Kila chane ilikuwa na mikunjo midogo ya pale ilipopishana na wenzake. Maana yake alisuka kwanza, ndipo akafumua. Angeweza kumwaga pale chane ambazo hazijawahi kusukwa, na kwa mtu aliyesimama wima isingeonekana tofauti yoyote. Hilo ndilo lililonifanya nirudi kuitazama tena na tena, kuliko ukubwa wake.

Nyavu alizipata mwaka 2024, ziwa lilipofungwa. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti uvuvi ulisimamishwa kwenye Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, na Kibirizi na Katonga zikajaa wanaume wenye muda mwingi na fedha kidogo. Wengi walikaa wakishona nyavu. Zilizoshindikana zikatupwa pembeni, na dada akawa anapita anaomba. Mzee mmoja alimpa wa kwake kwa sharti kwamba asiende kuzungushia bustani ya mchicha. Ameufua mara nyingi lakini harufu ya dagaa haijatoka, na jua la mchana likiingia dirishani ukumbi mzima unaijua. Nilisikia mgeni mmoja analalamika. Binafsi naona bila harufu ile kazi ingepungua.

Ubishi ulianzia kwenye kadi. Za upande wa kulia zilikuwa kama za maonyesho yoyote: jina la msanii, jina la kazi, akriliki juu ya kitambaa, mwaka, bei. Ya kazi hii kubwa ilikuwa karatasi nzima. Chini ya jina lake dada alikuwa ameandika akina mama wa Ujiji na Gungu waliosuka ukili, kila mmoja na idadi ya pima zake. Akamwandika mzee wa wavu, fundi cherehani aliyemtunzia vipande vya vitenge, na binti aliyesimama jikoni kuchemsha rangi.

Kijana alipoiona wakati wa kutundika, akacheka. "Dada, hii ni kadi au daftari la kikoba?"

"Na wewe," dada akamjibu bila kugeuka, "yule mama muuza samaki wa migebuka uliyemchora, kwenye kadi yako yuko wapi?"

"Yule amekaa tu, dada. Kazi nimefanya mimi."

"Amekaa kwa muda gani?"

Kijana hakujibu. Akaendelea kupigilia misumari, na siku ile hawakusemezana tena ila kwa mambo ya ngazi na nyundo.

Niseme mapema kwamba niko upande wa dada. Na naona mji huu ungepaswa kuwa wa kwanza kumwelewa, kwa sababu tumejulikana duniani kwa mkutano wa watu wawili. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone pale Ujiji. Leo pana makumbusho, pana mnara na miembe, na pana sanamu za wawili hao wakisalimiana. Lakini Stanley hakutembea peke yake kutoka pwani. Alikuja na msafara wa wapagazi na askari, wakapitia Tabora, na kwa simulizi yake mwenyewe aliyewahi kumsalimia kabla ya Livingstone ni Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyemlaki kwenye kundi la watu. Jina la Susi angalau limebaki, yeye na Chuma, kwa kuwa Livingstone alipofariki mwaka 1873 wao ndio waliowaongoza wenzao kuubeba mwili mpaka Bagamoyo. Wengine wote wameingia kwenye historia kwa jina moja la jumla, wapagazi.

Na mizigo yao, kwa sehemu kubwa, ilikuwa nguo. Njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilitumia nguo kama fedha: shuka ya mikono 4, doti ya mikono 8. Kwa doti ulilipa hongo kwa mtemi, ukanunua mtama, ukakodi mtumbwi. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Ujiji Februari 1858 waliwakuta wenyeji wakivaa mbugu, magome ya mti yaliyopondwa mpaka yakalainika, wakati marekani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa iliyotoka kwenye viwanda vya Massachusetts kupitia Zanzibar, ilikuwa ya mwenye nazo. Kwa hiyo mtu anayesimama Mwanga leo na kuuliza kama kitu kilichofumwa kinaweza kuwa na thamani kubwa, anauliza hivyo mahali ambapo kilichofumwa kilikuwa ndiyo thamani yenyewe.

Marekani, kwa kweli, ilikuwa upande wa kulia pia. Turubai la wachoraji linalouzwa Dar es Salaam ni ghali na kulisafirisha ni gharama nyingine, sisi wa mwisho wa reli tunajua. Kijana hununua marekani ya dukani, anaipigilia kwenye fremu ya mbao, anaipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya ukutani, anaacha ikauke, anaisugua kwa msasa, anarudia. Uso unakuwa mzuri kabisa. Nyuma ni habari nyingine.

Tukaja kuiona hiyo nyuma siku ya ufunguzi. Bibi mmoja wa Ujiji, mmoja wa walioandikwa kwenye kadi ndefu, alimaliza kukagua za ukindu akavuka kwenda ng'ambo ya ukumbi. Hakurudi nyuma hatua mbili, wala hakuweka mikono mgongoni. Aliishika picha ya wabeba mizigo, akaitoa kwenye msumari, akaigeuza. Watu wakanyamaza. Kijana akaja mbio. Bibi alikuwa ameshafika kwenye kingo za kitambaa zilizokatwa kwa haraka, pini zilizopinda, doa la gundi lililopenya likakauka.

"Mjukuu wangu, huku mbona hujamaliza?"

"Huko hakuonekani, bibi."

"Mimi nimeona."

Akamrudishia picha yake, akaenda kutafuta soda.

Sitaki nionekane namdharau kijana. Anajua kuchora watu, tena watu wenye uzito. Wabeba mizigo wake wamechorwa kwa nyuma, magunia vichwani, na kwa shingo zile tu unajua nani ni mgeni wa kazi na nani amezeekea humo. Udhaifu wake ni vidole. Ukitazama vizuri, wahusika wake wengi wameficha mikono ndani ya kanga au nyuma ya ndoo. Alianza kwa kuchora vibao vya vinyozi na saluni, na vibao vya vinyozi havina vidole.

Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita vya miaka ya 1990, na ng'ambo ile ina utamaduni wake wa picha. Lubumbashi ya miaka ya 1970 ilikuwa na wachoraji wa mtaani waliochorea sebule za watu wa kawaida: mamba muntu, yule nguva nusu mwanamke nusu samaki, aliyeketi kando ya maji, Lumumba akiwa mikononi mwa askari, mfungwa akichapwa viboko enzi za Wabelgiji. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi yake kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na kumweleza mtafiti Johannes Fabian picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha kwao, mkoa wa Shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapotea, na habari zake hazikusikika tena. Kijana wetu anazo picha zake nyingi kwenye simu. Nikamuuliza: huyu mzee unayempenda aliandika ndani ya picha, majina na tarehe, ili mtazamaji asipotee, sasa wewe unashindwa nini kuandika jina la mama mmoja?

"Yule alichora Lumumba," akasema. "Lumumba hadaiwi na mtu."

Nilidhani ananitania.

Mwalimu mstaafu mmoja, mtu wa heshima zake, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: picha ameelewa ni sanaa, lakini hii mikeka wameitundika kwa nini? Nikamsimulia habari za Magdalena Abakanowicz wa Poland. Miaka ya 1960 mama huyo alikuwa akikusanya bandarini kamba kuukuu za katani, anazifumua, anazitia rangi, anazifuma upya kuwa maumbo makubwa mazito yanayoning'inia kutoka darini, mtu anaweza kuyazunguka. Mwaka 1965 kazi zake za kufuma zilimpa tuzo kubwa kwenye maonyesho ya São Paulo, Brazili. Mwalimu akasikia neno katani akasisimka, kwa sababu alisomesha jiografia. Akanikumbusha mwenyewe kwamba mkonge ulifikishwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 1,000 ikatoka Florida, 62 tu ikafika hai, na kutokana na hiyo 62 tukaja kuwa wazalishaji wakubwa kuliko wote duniani.

"Kwa hiyo," akasema baada ya kufikiri, "kamba imefumuliwa Ulaya ikawa sanaa, na mama yangu amesuka maisha yake yote ikawa mkeka?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akarudi kuisoma ile kadi ndefu, safari hii amevaa miwani.

Kuweka nyuzi na sura za watu katika chumba kimoja si jambo tulilolibuni Kigoma. Mwaka 2022 Uganda ilipoingia na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ilipeleka watu wawili: Acaye Kerunen, anayefanya kazi na wanawake wasukaji wa kwao na kuyageuza majani na nyuzi zao kuwa maumbo makubwa, na Collin Sekajugo, anayechora watu na kuchanganya rangi na mbugu. Majaji wakalitaja banda lile kwa heshima maalumu. Tanzania nayo ilipeleka banda lake la kwanza mwaka 2024. Ninachokipenda kwa Kerunen ni kwamba wasukaji wake hawafichwi. Huelezwa kuwa ni sehemu ya kazi. Dada wa Mwanga hakuiga huko. Yeye ana historia yake: amekulia kwa shangazi aliyesuka ukili na kuuza kwa pima kwa mfanyabiashara, mfanyabiashara akawapa mafundi wa kushona, mikeka ikapanda gari moshi kwenda mbali, na shangazi hakuwahi kuuona hata mmoja ukiwa mzima.

Si kila kitu mle kilikuwa kizuri. Dada alikuwa na safu ya visahani vya ukindu vyenye vioo katikati ambavyo ni mapambo ya hoteli, na vilikaa ukutani kihotelihoteli. Kijana alikuwa na sokwe wa Gombe akiwa ameshika shavu anatafakari. Nilimwuliza amefuata nini. "Sokwe ndiye anayelipa kodi ya chumba," akanijibu, na kweli sokwe ndiye aliyenunuliwa wa kwanza, na mgeni, bila kuomba apunguziwe.

Bei ndizo zilizowachekesha watu. Mama wa migebuka: 450,000. Kazi kubwa ya wavu na ukili: 900,000. "Kwa laki tisa natandika mikeka ukoo mzima na chenji inabaki," alisema baba mmoja, na watu wakamuunga mkono. Hawakukosea hesabu. Ila dada alikuwa na hesabu yake, na aliitoa hadharani kwa yeyote aliyetaka kuisikia: akina mama walilipwa pima zao papo hapo, bei ya juu kidogo ya sokoni, na kazi ikiuzwa theluthi moja ya fedha inagawanywa kwa majina yaliyo kwenye kadi. Hiyo ndiyo sababu kadi ilikuwa ndefu. Kijana alidhani ni shukrani. Ilikuwa mkataba.

Nadhani hapo ndipo alipobadilika, ingawa hajakiri. Maana kabla maonyesho hayajafungwa alikwenda Katonga kumtafuta mama wa migebuka, amuulize kama angependa jina lake liandikwe. Mama akamkatisha kabla hajamaliza.

"Usiniandike."

Alikuja mwenyewe ukumbini kueleza, jioni ya mwisho, beseni lake ameliacha kwa jirani. Watu wakisoma jina langu halafu wasome laki nne na nusu, alisema, watajua ni zangu. Wa kikoba watanikalia. Shemeji yangu ana mchango wa harusi ananitafuta tangu zamani. Mwenye nyumba naye anajua kusoma. Dada alijaribu kumweleza kuhusu haki ya mtu kutambulika. Mama akamsikiliza kwa adabu zote, akasema amemwelewa, na asiandikwe. Hoja yetu mimi na dada haikuwa imemwandalia kiti mtu wa namna hiyo. Nimeigeuzageuza tangu siku ile, na naona jawabu lake la haki lilikuwa lilelile la kijana kumuuliza kwanza. Hilo la kuuliza, dada mwenyewe alikuwa amelifanya kwa kila jina. Mimi ndiye niliyeona majina tu.

Kisha mama akaigeukia picha. Hakuzungumzia uso. Hakuzungumzia mikono, ambayo kama kawaida imejificha, safari hii chini ya samaki. Alisogea karibu kabisa, pua karibu iguse rangi.

"Hiki kitenge cha nani?"

Kijana akaeleza kwamba amekibuni. Samaki ni wa fedha, ukuta ni wa buluu, picha ilihitaji kitu cha manjano, tena manjano iliyopauka, ili jicho lisikimbilie nguo likaacha uso.

"Siku ile nilivaa waksi. Ya ndege, buluu, ya kutoka Kalemie. Nimeifua sijui mara ngapi na haijachuja. Wewe umenivika kitambaa cha kupigia deki."

"Mama, picha ilitaka..."

"Picha ilitaka. Mwenye nguo hukumuuliza."

Dada alikuwa ameinamisha kichwa anahesabu visahani vyake, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Masharti ya mama yakawa mawili: jina lisiandikwe, kitenge kirekebishwe. Kijana akakubali, akaomba aazimwe kitenge chenyewe kwa siku chache akachore nyumbani kwa nafasi. Mama akakataa. Kitenge hakiazimishwi. Kama anakitaka, aende nacho kibao chake na brashi zake Katonga asubuhi, mashua zikishaingia, yeye atakuwa amekivaa anauza, na kijana akae pale pembeni ya beseni mpaka amalize.